Tuwatembeze wageni bustani za Maruhubi, Mtoni na Kidichi, si kuta peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu majumba ya shamba ya masultani wa Unguja, yale yaliyo kwenye njia ya Bububu. Msimu wa wageni ukifika, magari husimama Maruhubi, watu hushuka, huonyeshwa nguzo, husimuliwa habari za masuria tisini na tisa wa Sayyid Barghash, sultani aliyelijenga jumba, hupiga picha, hupanda gari. Dakika kumi na tano nyingi. Hata walimu wanaowaleta watoto wa skuli hufanya vivyo hivyo. Mgeni hana kosa. Anaonyeshwa nyumba, na nyumba imeungua tangu 1899. Miembe bado imesimama, mabirika bado yapo, na njia ya maji ukiijua utaifuata kwa miguu. Hayo hapana anayemwonyesha.

Kwetu Unguja neno "shamba" halina maana ya konde tu. Ni kila kilicho nje ya mji, na mwenye uwezo alikuwa na nyumba mbili: ya mjini kwa kazi na mabaraza, ya shamba kwa upepo, kivuli na maji. Jumba la shamba bila bustani halikuwa na maana ya kujengwa. Kwa hiyo anayetaka kulifahamu jengo aanze na bustani, arudi kwenye jumba baadaye.

Nianze na Maruhubi, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na mji, kama kilomita nne kutoka Darajani. Barghash alitawala kuanzia 1870 hadi 1888, na jumba hili lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1875 alikuwa amekwenda Uingereza, na wanaosimulia historia ya Maruhubi huuhusisha uwanja wake mpana wenye miembe iliyotawanyika na majumba ya mashambani ya Waingereza aliyoyaona huko. Ukisimama katikati ya uwanja utafahamu kwa nini. Bustani za Kiarabu na za Kiajemi hufungwa ndani ya ukuta, na mtu huketi karibu na maji. Hapa kuna nafasi ya kutembea, miti imeachiana, na jicho linakwenda mbali mpaka baharini. Vitu hivyo viwili, birika la Kiarabu na uwanja wa Kizungu, vimekutana mahali pamoja, na sijui jumba jingine hapa Unguja ambapo mkutano huo unaonekana wazi namna hii.

Nguzo nazo zina habari yake, ila si ile ya masuria. Zilibeba roshani ya mbao iliyolizunguka jumba. Moto ulipokuja, kila kilichokuwa mbao kilikwenda: sakafu za juu, roshani, boriti za dari. Mawe yakabaki yamesimama bila kazi. Mtembezaji mzuri huwaambia wageni watazame juu ya kuta zilizobaki, wayatafute matundu yaliyopangwa kwa mstari. Humo ndimo boriti zilimokalia. Boriti hukatwa mikokoni, na boriti nzuri ya mkoko haikupi urefu wa kuvusha zaidi ya mita mbili na nusu au tatu baina ya ukuta na ukuta. Ndiyo maana vyumba vya zamani vya pwani yetu, viwe vya sultani au vya tajiri wa Mji Mkongwe, ni virefu na vyembamba. Mgeni akishalijua hilo ataweza kukisia chumba kilianzia wapi na kuishia wapi hata kama umebaki msingi tu.

Sasa maji. Yalitoka kwenye chemchemi upande wa bara, yakaja kwa mfereji uliojengwa juu ya ukuta mpaka kwenye birika lililo nyuma ya jumba, ndipo yakagawiwa. Kipande cha ukuta huo wa mfereji bado kipo, kifupi cha kimo, na wengi hukipita wakidhani ni ua wa shamba. Usikipite. Panda pembeni yake (si juu yake, mawe yamelegea) uone ule mfuo wa maji wa katikati ulivyopakwa chokaa laini. Hapana pampu hapo. Kazi yote ilifanywa na mteremko, nao ulikuwa mdogo makusudi: maji yakienda kasi hula chokaa ya mfereji, na yakienda polepole mno huacha mchanga njiani na mfereji ukaziba. Fundi alitakiwa ashike baina ya hayo mawili kuanzia chemchemi mpaka birikani, na bado maji yafike juu kuliko sakafu ya hamamu (nyumba ya kuogea), la sivyo hapana kinachotiririka. Ukitembea kutoka baharini kuelekea bara utapita mambo kwa mpangilio wa kurudi nyuma: ngazi za ufukweni walikopokelewa wageni, jumba, hamamu, mabirika, kisha mstari wa mfereji. Ukitembea hivyo mara moja, ramani yote itakukaa kichwani.

Mabirika sasa yamejaa yungiyungi. Yanapendeza, na wapiga picha wanayapenda, lakini yungiyungi likiachwa lifunike maji yote, maji ya chini hukosa hewa, majani yanayooza hushuka na kuwa tope, na tope likipanda mizizi ya magugu hufika ukutani. Kanuni ya kufaa ni kuacha theluthi moja ya maji wazi. Kazi hiyo hufanywa kwa mkono, kipindi cha kiangazi maji yakiwa machache, na tope hutolewa kwa ndoo, kwa sababu sepetu huchubua chokaa ya chini ya birika, na chokaa ikichubuka birika huvuja. Kuhusu mbu, ambao huwa ndiyo hoja ya watu wanaotaka yafukiwe: perege wachache wanatosha. Wanakula viluwiluwi vya mbu kabla havijaota mbawa. Kumwaga mafuta juu ya maji huua mbu na samaki na yungiyungi pamoja, na harufu yake haitoki.

Miembe nitaisemea kidogo kwa urefu, maana ndiyo inayopotea bila ya mtu kuona. Mwembe wa kujiotea na mwembe wa kupandwa haufanani kwa mahali uliposimama. Hesabu hatua baina ya shina na shina. Ukikuta nafasi zinajirudia, na mistari miwili inakwenda sambamba, hapo palikuwa na njia. Ukikuta pengo, mti umeanguka au umekatwa, na pengo hilo ni sehemu ya bustani kama mti wenyewe. Anayetaka kulijaza asipande popote penye nafasi, apande pale pale. Shimo liwe kama sentimita sitini kwa kila upande na kwenda chini, udongo wa juu uwekwe mbali na wa chini, uchanganywe na samadi iliyoiva, mche utiwe mwanzo wa masika ili mvua iukute. Mwaka wa kwanza auzungushie miti dhidi ya mbuzi. Na aliye na mazoea ya kuchoma taka chini ya mwembe mkubwa aache. Joto huua gamba la upande mmoja, miaka michache baadaye shina linaoza upande ule ule, na siku ya upepo wa kusi watu wanashangaa mti mzima umeangukaje. Kumwaga zege kuzunguka shina kwa ajili ya maegesho ya magari huua polepole zaidi, lakini huua.

Kuhusu saa ya kwenda: Maruhubi iko ufukweni, basi angalia maji kabla ya kutoka nyumbani. Siku za bamvua (maji makubwa) bahari ikijaa, ufukwe hubaki ukanda mwembamba na zile ngazi huzioni vizuri. Nenda maji yakipwa, asubuhi, jua likiwa bado upande wa bara. Nguzo huangazwa kwa ubavu na kila ufa unaonekana. Jioni ni nzuri kwa picha za harusi, si kwa mtu anayetaka kujifunza kitu.

Mtoni iko mbele kidogo kwenye barabara hiyo hiyo, na ni kongwe kuliko Maruhubi kwa nusu karne. Ni jumba la Sayyid Said bin Sultan, baba yake Barghash, la mwishoni mwa miaka ya 1820 na mwanzoni mwa ile ya 1830, na hakuna la kifalme lililo kongwe zaidi yake hapa kisiwani. Binti yake, Sayyida Salme, alizaliwa hapo 1844, na kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani 1886 ndizo zinazotupa sura ya bustani ilivyokuwa: ua mkubwa wa ndani ambamo paa, tausi, heroe na mbuni walizunguka bila kufungwa, safu ya mabafu upande mmoja, na mbele, upande wa bahari, roshani ya mbao ya mviringo aliyoiita benjile, ambako baba yake alikuwa akienda na kurudi. Anasema watu zaidi ya elfu waliishi hapo. Hata ukipunguza kidogo kwa ajili ya mapenzi ya mtoto kwa kwao, ulikuwa ni mji mdogo, na mji mdogo unataka maji mengi.

Jina lenyewe linakuambia yalitoka wapi. Maruhubi waliyaleta maji kwenye jumba. Mtoni waliliweka jumba kwenye maji. Mto ulipita humo ndani, ukajaza mabirika, ukatoka kwenda baharini. Tofauti hiyo ndiyo ningependa mgeni aione kwa macho yake, na ndiyo sababu nasema majumba haya mawili yatembelewe siku moja. Faida ya mto kupita nyumbani ni wazi. Hasara yake ni unyevu. Mawe yetu ya matumbawe yana vitundu, hunyonya maji kutoka chini kama utambi, na mahali penye maji ya chumvi jirani hunyonya na chumvi. Ukuta ukikauka, chumvi hugeuka chembe ndani ya vitundu, chembe hupanuka, uso wa jiwe hubomoka unga unga. Ukiuona unga mweupe chini ya ukuta wa Mtoni usidhani ni chokaa iliyomwagika. Baada ya kufariki Sayyid Said 1856 jumba lilipoteza kazi yake, likaachwa, na nyumba ya namna hii ikikosa mtu wa kuipaka chokaa kila mwaka haina umri mrefu.

Kutoka Mtoni daladala ya Bububu, namba 502, inakufikisha Bububu mwenyewe. Hapo unaacha barabara ya pwani na kuingia bara kwenye vilima, kwa bodaboda au kwa miguu kama huna haraka, mpaka Kidichi. Huku hakuna bahari wala mto wa kupita nyumbani. Kuna mikarafuu, minazi, mishokishoki, na hamamu ya mawe iliyopakwa nyeupe, yenye kuba, imesimama peke yake. Sayyid Said aliijenga karibu na 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shahrazad binti Irich Mirza, mjukuu wa Fath-Ali Shah, mfalme wa Uajemi. Walikuja huku kuwinda na kukagua mashamba, wakahitaji mahali pa kuoga vumbi la safari. Kulikuwa na nyumba ndogo ya kupumzikia pembeni. Hiyo haipo tena.

Watembezaji wengi huifanya Kidichi kuwa kituo cha kunywa madafu katikati ya ziara ya viungo, na hamamu hupewa dakika tano. Ipewe saa nzima. Kwanza macho yazoee giza. Kisha tazama nakshi za chokaa ukutani: maua, mitende, ndege. Mafundi wa Kiomani wa wakati ule hawakuwa na desturi ya kuchora ndege ndani ya nyumba, basi hapo unaona mkono na mapendeleo ya Uajemi. Chini ya sakafu palikuwa na tanuri la kupasha maji moto. Kuba nazo zilikuwa na kazi: mvuke ukigusa dari bapa hudondoka matone baridi kichwani mwa anayeoga, lakini ukigusa kuba hufuata mviringo na kuteremka ukutani. Juu ya kuba kuna vitundu vya mviringo vilivyokuwa na vioo vya rangi, na mwanga ukipita ulitupa madoa ya rangi kwenye kuta nyeupe. Anayetaka kuona jinsi mwanga unavyoshuka wima aende karibu na tarehe 5 Machi, kama saa sita na dakika thelathini na tano mchana, au 8 Oktoba, kama saa sita na dakika kumi, maana siku hizo jua linapita utosini kwa Unguja. Machi ni mwanzo wa masika, kwa hiyo Oktoba ina uhakika zaidi wa jua.

Jambo la kusahihisha: si kweli kwamba mikarafuu inayoonyeshwa hapo ni "ile ile ya Sayyid Said". Ni kweli alilazimisha ipandwe mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Lakini tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na mashamba ya huku yakapandwa upya. Mwambie mgeni hivyo. Tufani nayo ni historia nzuri. Na tusione haya kumwambia nani alipanda, nani alichuma, nani alichimba mifereji ya Maruhubi. Barghash alitia saini kufunga biashara ya watumwa 1873, ila utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hapa mpaka 1897, miaka kumi na tano hivi baada ya jumba kumalizika. Kusimulia tausi na kunyamazia hilo ni kusimulia nusu.

Vitu vya kuchukua ni vichache: viatu vya kufunika vidole, maana sakafu za hamamu zina utelezi na Maruhubi kuna miiba, tochi ndogo, maji ya kunywa, nguo za heshima, kwa sababu Kidichi unapita milangoni pa watu na unapaswa kupiga hodi. Usiguse nakshi. Jasho la kiganja hukaa kwenye chokaa, vumbi hunata juu yake, na baada ya vidole vya msimu mmoja panakuwa na doa jeusi lisilofutika. Mapapasi (vijana wanaowaandama wageni) wakikufuata njiani wakisema wana funguo, washukuru uende zako. Kiingilio hulipwa pale pale kwa msimamizi, nawe uombe risiti.

Mwisho nizungumzie ukarabati, kwa sababu kila mara mtu mwenye nia njema akipata fedha kidogo hununua saruji. Saruji ni adui wa kuta hizi. Ni ngumu kuliko jiwe inaloshika na haipitishi unyevu. Maji yaliyonyonywa na tumbawe hukosa pa kutokea, hukaa nyuma ya lipu, na baada ya masika mawili matatu lipu yote huanguka kwa mabamba, ikiondoka na uso wa jiwe. Zege kwenye nyufa za kuba la Kidichi hufanya vivyo hivyo, na ukungu mweusi unaokula nakshi kwa ndani unaanza hapo, kwenye unyevu uliofungiwa. Kuukwangua kwa brashi ya waya ni kuikwangua nakshi yenyewe.

Kinachofaa ni chokaa iliyochomwa, ikalowekwa shimoni, sehemu moja kwa sehemu tatu za mchanga kwa kipimo cha ndoo. Mchanga uwe wa shimo, si wa pwani, maana wa pwani unaleta chumvi ile ile tunayoikimbia. Tabaka lisizidi sentimita moja, la pili lisubiri la kwanza lishike, na ukuta ufunikwe kwa magunia mabichi wiki nzima. Fundi akiharakisha juani, chokaa hukauka kabla haijashika na kupasuka kama tope la bwawa. Miche ya mikuyu inayoota kwenye nyufa ing'olewe na mizizi yake ikiwa bado nyembamba kuliko kidole; kuikata kwa panga ni kuichipuza. Iliyokwisha kuwa mti isivutwe, maana sasa mzizi ndio unaoshika ukuta. Ikatwe kidogo kidogo, na pengo lijazwe mawe na chokaa kila hatua.

Tena kazi ianzie mferejini na birikani kabla ya nguzo. Na kwa kuwa chokaa inataka miezi mitatu shimoni angalau, anayepanga kuziba nyufa za mabirika ya Maruhubi mwezi wa Juni, mvua zikikatika, chokaa yake iwe imeshalowekwa kabla Februari haijaisha.

Msomaji wako,
Bububu, Unguja